Nadia, Binti wa Mjeledi

Katika mtaa wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa adui mkubwa wa sinema. Sisi vijana wa miaka ya 1970 tulimwogopa kuliko tulivyomwogopa maalim wa chuoni. Tukitoka Regal au Naaz jioni, vichwa vimejaa ngumi na mapanga, hatukuthubutu kupita mbele ya baraza yake. Tulizunguka kwa kichochoro cha nyuma, maana mzee yule alikuwa na pua ya kunusa tikiti hata ikiwa imefichwa ndani ya kofia. Kwake yeye picha zote zilikuwa upuuzi, na picha za kupigana zilikuwa upuuzi uliokubuhu: hazina hadithi, hazina adabu, na aliyekufa mwanzo huonekana tena mwisho akicheza ngoma. La ajabu ni kuwa alisema kweli. Zilikuwa hivyo hasa, nasi tulizipenda hivyo hivyo.

Jioni moja mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya sala ya magharibi, vijana wawili walikuwa wakibishana barazani kati ya Bruce Lee na Dara Singh ni nani angemshinda mwenziwe. Mzee alikuwa akinywa kahawa yake kimya. Mara akatia neno. Alisema hao wote wawili ni watoto. Yeye alipokuwa baharia, siku za ile vita ya pili, jahazi yao ilipanda na kusi mpaka Bombay, na huko alimwona kwa macho yake mwanamke, tena mweupe mwenye nywele rangi ya dhahabu, akimbeba mwanamume begani kama gunia la mchele na kumtupa chini. Akaeleza mjeledi wake, akaeleza jinsi alivyokimbia juu ya mapaa ya treni, akaeleza na farasi mweupe aliyekuwa na akili kuliko watu wote wa picha ile. Baraza nzima ilinyamaza. Hapo ndipo mzee alipotanabahi kuwa amejitoa mwenyewe. Akaleta istighfari, akaiweka sawa kofia yake, akaagiza kahawa nyingine. Lakini kabla ya kuondoka aliuliza, kwa sauti ya chini, kama yuko yeyote anayelijua jina la farasi yule, kwani limempotea miaka mingi. Hakuna aliyelijua.

Mwanamke huyo alikuwa Nadia, na katika Bara Hindi ya zama zake jina hilo halikuhitaji maelezo.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Mary Ann Evans. Alizaliwa tarehe 8 Januari 1908 katika mji wa Perth, magharibi ya Australia. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Mwingereza na mama yake alikuwa Mgiriki. Alipokuwa bado mtoto mdogo, baba aliletwa India pamoja na kikosi chake, nao wakakaa Bombay. Kisha ikaja Vita Kuu ya kwanza. Baba akapelekwa Ulaya kupigana na Wajerumani, na mwaka 1915 akauawa huko.

Mjane na binti yake hawakurudi Australia. Walikwenda kukaa Peshawar, mji wa Wapathani, karibu na lile pito la Khyber ambalo majeshi mengi yamelipita. Huko, katika nchi ambayo mtoto wa kiume hupewa bunduki kabla hajaota ndevu, binti huyu alijifunza kupanda farasi, kulenga shabaha na kuwinda. Wengi waliomwona baadaye katika picha walidhani kuwa kupanda kwake farasi ni ujanja wa kamera. Haukuwa ujanja, ilikuwa Peshawar.

Mwaka 1928 alirudi Bombay pamoja na mama yake na mtoto wake mdogo wa kiume. Sasa ilimlazimu kutafuta riziki. Aliuza bidhaa katika duka kubwa la Wazungu, akajifunza kupiga taipu na hati mkato, kisha akaingia kwa mwalimu wa dansi, mwanamke wa Kirusi aliyeitwa Madame Astrova, akafundishwa ile dansi ya Kizungu ya kusimama kwa ncha za vidole. Pamoja na kundi la mwalimu huyo alizunguka India, akicheza mbele ya askari kambini, mbele ya marajah katika majumba yao, na mbele ya watu wa kawaida katika miji midogo. Kwa muda mfupi alifanya kazi katika sarakasi. Habari za kubadili jina lake zinahusu mpiga ramli mmoja wa Kiarmenia aliyemwambia kuwa bahati yake imo katika jina linaloanzia na herufi N. Sisi hatuna haja ya kuamini ramli. Yeye aliamini, akajiita Nadia.

Meneja wa sinema mmoja wa Lahore ndiye aliyempeleka kwa akina Wadia. Hapa yafaa msomaji wa pwani atulie kidogo, maana watu hawa si wageni kwa mambo ya bahari. Akina Wadia ni Maparsi, watu wa asili ya Uajemi waliohamia Gujarat, na jina lao lenyewe latokana na kazi ya kuunda vyombo. Babu yao Lowji aliletwa Bombay kutoka Surat mwaka 1736 kuunda meli, na kizazi baada ya kizazi ukoo huo uliunda merikebu za biashara na manowari za mbao za msaji zilizosifiwa dunia nzima. Basi vijana wawili wa ukoo huo, Jamshed na mdogo wake Homi, waliacha misumari na mbao wakaingia katika picha. Jamshed alikuwa msomi wa chuo kikuu mwenye shahada ya sheria. Homi, aliyezaliwa mwaka 1911, alikuwa fundi wa kamera na mtu wa vitendo. Mwaka 1933 walifungua Wadia Movietone katika jumba la ukoo wao lililoko Parel. Picha yao ya kwanza yenye sauti iliitwa Lal-e-Yaman, yaani Yakuti ya Yemen, hadithi ya wafalme na majini kama zile za Alfu Lela Ulela.

Jamshed alipomtazama Nadia mara ya kwanza aliingiwa na wasiwasi. Mwanamke mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye misuli, macho ya buluu, na Kihindustani chake kilikuwa cha kugwayagwaya. Jamshed alitaka ajiite Nanda Devi na avae nywele za bandia, nyeusi zenye msokoto mrefu. Nadia alikataa katakata. Aliona ni kichekesho mtu mweupe kujifanya asiyekuwa. Wakamjaribu katika vipande vidogo vya picha mbili za mwaka 1935, mojawapo ikiwa Noor-e-Yaman. Watazamaji walimpokea vizuri. Ndipo Homi akapewa kazi ya kumtengenezea picha yake mwenyewe.

Picha hiyo ndiyo Hunterwali, maana yake mwanamke wa mjeledi. Hadithi yake ni nyepesi kama unga. Waziri mwovu amemfunga mfalme na anataka kunyakua ufalme. Binti mfalme anavaa kitambaa cha kuficha uso, anapanda farasi, anashika mjeledi, na anakuwa mlinzi wa wanyonge. Anawanyang'anya wadhalimu na kuwapa maskini, anaruka kutoka dari hadi dari, anabembea kwa thurea, na watu wa waziri wanakula kipigo kila baada ya dakika chache. Jamshed alikuwa amewapenda mno wachezaji wa picha za Marekani kama Douglas Fairbanks, na hapa alichukua ushujaa ule wa wanaume akamvisha mwanamke.

Wauzaji wa picha wakaogopa. Nani angelipa fedha kumwona mwanamke wa Kizungu, katika suruali fupi, akiwapiga wanaume wa Kihindi? Ilipobaki kidogo ifungiwe kabatini, ndugu wawili hao waliingia ubia na mfanyabiashara mmoja wakaionyesha wenyewe katika sinema ya Super mjini Bombay, mwezi wa Juni 1935. Jamshed alikaa kitini akitetemeka. Ilipofika pale binti mfalme anapotangaza kuwa tangu siku hiyo yeye ni Hunterwali, ukumbi uliripuka kwa vifijo. Picha hiyo ilionyeshwa wiki 25 na zaidi. Watu wakaanza kuuza mijeledi na mikanda ya Hunterwali, na jina lake likabandikwa hata kwenye viberiti. Wale ndugu hawakuwa na hati ya kuzuia jambo hilo, wala hawakupata senti katika viberiti hivyo.

Kutoka hapo picha zilifuatana: Miss Frontier Mail mwaka 1936, Hurricane Hansa mwaka 1937, Punjab Mail mwaka 1939, Diamond Queen mwaka 1940, na nyingine nyingi. Stelingi alikuwa Nadia, na mara nyingi kando yake alikuwapo John Cawas, Mparsi mwenye kifua kama mlango wa Lamu. Walikuwapo na wasaidizi wengine ambao watoto waliwapenda kuliko binadamu: farasi, mbwa aliyeitwa Gunboat, na gari bovu lililopewa jina la Binti wa Rolls Royce.

Mambo ya hatari Nadia aliyafanya mwenyewe. Siku hizo hapakuwa na mtu wa kushika nafasi ya mchezaji, wala hapakuwa na hila za mashine kama leo. Aliposimama juu ya paa la treni, lilikuwa treni kweli, na chini yake palikuwa na ardhi kweli. Kamera ilizungushwa polepole ili picha ikionyeshwa watu waonekane wakienda mbio, na ndiyo sababu watu katika picha hizo hupigana kama kuku walioshtuliwa. Katika Jungle Princess ya mwaka 1942 alicheza pamoja na simba wanne. Wenzake wamesimulia kuwa mmoja wao, jike, aliruka juu ya vichwa vyao, na kwa rehema ya Mungu hakumgusa mtu. Kazi ikaendelea.

Sasa, mavazi yake hayakuwa ya kuonyeshwa mbele ya wazee, hilo lazima lisemwe. Hata hivyo sikuona picha ya Nadia iliyomfanya mwanamke kuwa pambo. Mwanamume katika hadithi zake husubiri kuokolewa. Katika Diamond Queen anatetea haki ya wanawake kusoma na kuwa huru, mwaka 1940, wakati mabinti wengi wa Bara Hindi, na wa kwetu pia, walikuwa hawajaona ubao wa shule. Na pale waziri mwovu anapopokea mjeledi, watazamaji walijua ni nani hasa anayepigwa. Nchi ilikuwa chini ya Mwingereza, wakaguzi wa picha walikuwa wakali, lakini hadithi ya mfalme aliyenyang'anywa kiti chake ilipita mbele ya macho yao bila ya kukatwa. Na aliyekuwa akimpiga mdhalimu, niaba ya Wahindi, alikuwa binti wa askari wa Mwingereza huyo huyo! Hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Mara taa zilipozimwa, Nadia alikuwa wao.

Lakini mapenzi hayo yalikuwa ya kificho. Magazeti ya wasomi yaliziita picha zake takataka za watu wa viti vya mbele, viti vya bei ndogo kabisa, ambako walikaa wachukuzi, watu wa viwanda vya nguo, na watoto waliotoroka shule. Mtu wa heshima alikwenda kutazama picha za machozi na mafunzo, akarudi nyumbani amehuzunika sawasawa. Akipenda ngumi, alikwenda siku ambayo hana hofu ya kukutana na jirani. Mwandishi mashuhuri wa michezo ya kuigiza, Girish Karnad, ndiye aliyevunja ukimya huo mwaka 1980 alipoandika kwamba katika utoto wake hapakuwa na sauti aliyoikumbuka kuliko ule ukelele wa Nadia akitokea juu ya farasi. Karnad alikuwa mtu mzima mwenye jina kubwa alipoyaandika hayo. Mzee wetu wa barazani yalimponyoka karibu na siku hizo hizo, naye hakuwa na habari na Karnad.

Hata Jamshed Wadia, aliyemtoa Nadia, aliingiwa na haya. Yeye alikuwa mtu wa siasa na fikra, na nyumba yake ilikuwa ikila na kunywa kwa mijeledi na farasi. Akataka kufanya jambo la kumpa heshima. Mwaka 1941 alitoa Court Dancer, picha ya dansi na sanaa, iliyotolewa kwa Kihindi, Kibengali, na hata Kiingereza ili ulimwengu ushuhudie. Ilikuwa picha ya kusifiwa kuliko kuangaliwa. Ndugu wakatofautiana. Homi akajitenga na mwaka 1942 akaanzisha Basant Pictures, na ile nyumba ya Parel ikachukuliwa na V. Shantaram. Picha ya kwanza ya Homi katika kampuni yake mpya ilikuwa Hunterwali ki Beti, Binti wa Hunterwali, mwaka 1943, na aliyecheza ndani yake ni nani ila Nadia.

Wasomaji wetu wenye umri watamkumbuka Homi kwa jambo jingine. Ni yeye aliyetengeneza Aladdin mwaka 1952, Alibaba na wezi arubaini mwaka 1954, na Hatimtai mwaka 1956, ile yenye dua iliyoimbwa na Mohammed Rafi ambayo hata waliochukia sinema waliisikiliza redioni wakitikisa kichwa. Katika picha hizo binti wa hadithi hakuwa Nadia tena. Walikuwa Meena Kumari na Shakila. Yeye alikuwa akikaribia miaka 50.

Na lilikuwapo jambo la kificho zaidi ya tikiti za viti vya mbele. Nadia na Homi walikuwa wamependana tangu zamani. Studio nzima ilijua, na Jamshed, kaka mtu, alikuwa upande wao. Lakini mama yao Homi hakukubali mwanawe amwoe mwanamke asiyekuwa Mparsi, mchezaji wa picha, tena mwenye mtoto. Homi hakumwasi mama yake. Miaka ikapita, na mwanamke aliyekuwa akivunja milango ya majumba ya wafalme kwa teke moja akakaa nje ya mlango wa nyumba hiyo akingoja. Mama alipofariki, ndipo walipooana, mwaka 1961. Bibi harusi alikuwa na miaka 53. Watoto wa kwao wawili hawakujaliwa, lakini Homi alimchukua yule mtoto wa mkewe akawa wake.

Sisi tuliofunzwa kuwa radhi ya mama haina mfano hatuwezi kumtia Homi makosani upesi. Nami nimewauliza watu wa rika langu, na kila mmoja aliniambia kuwa Homi alifanya sawa. Lakini niliposimulia habari hiyo nyumbani, wanawake walinyamaza, kisha mmoja akauliza ni miaka mingapi. Nilipojaribu kuihesabu nilijiona nasema polepole.

Nadia alirudi mbele ya kamera mwaka 1968 katika picha iitwayo Khiladi, akiwa na miaka 60, katika hadithi ya majasusi, akapigana tena. Kisha akatulia Bombay na mumewe. Majarida hayakumtafuta. Wapewa tuzo walikuwa wengine, wale wa picha za machozi. Hali ilibadilika mwaka 1993, mjukuu wa Jamshed, Riyad Wadia, alipotengeneza filamu ya habari za maisha yake, nayo ikazungushwa katika matamasha ya nchi nyingi. Watu wa Ulaya wakasimama kumpigia makofi bibi ambaye waungwana wa mji wake walimtazama kwa kujiiba. Alikuwa bado yu hai kuyasikia. Alifariki Bombay tarehe 9 Januari 1996, siku moja baada ya kutimiza miaka 88. Homi alimfuata mwaka 2004. Tarehe 8 Januari 2018, Google iliweka sura yake katika ukurasa wake wa mbele, mjeledi mkononi.

Picha zenyewe nyingi zimepotea. Mikanda ya siku zile ilitengenezwa kwa dawa inayoshika moto na kuoza upesi, tena ndani yake mlikuwa na fedha kidogo, ile fedha ya bangili, na wenye mikanda waliona bora waiyeyushe waiuze kuliko kuhifadhi vitu ambavyo hakuna mtu wa heshima aliyekiri kuvipenda. Vilivyosalia ni vipande, vingine havina mwanzo, vingine havina sauti safi. Nimevitazama kwenye simu ya mpwa wangu, usiku, mlango umerudishwa. Waziri ana ndevu za kubandika. Ngome inatikisika mtu akiegemea. Nilivitazama mpaka simu ikazimika.

Mzee wetu ametangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita, kabla sijalipata jina alilokuwa akilitafuta. Farasi yule aliitwa Punjab ka Beta, Mwana wa Punjab.